Kujitenga Desemba Hakukuanza na TikTok

Kila Desemba inbox yangu hujaa swali moja: "Buda, uko wapi? Mbona huposti?" Jibu huwa ni lile lile. Niko Chepseon. Nyinyi mko Diani, mko Naivasha, ama mmekwama kwa foleni pale Salgaa mkingoja lori litolewe barabarani, na mimi niko nyumbani na blanketi mbili na thermos ya chai. Mnaniita mpweke. Wengine mnaniita mshamba, na hiyo siipingi sana. Ile hoja nimechoka nayo ni hii ya kwamba kukaa peke yako Krismasi ni tabia ya kizungu, kitu tumeokota kwa TikTok. Hapo nakataa, na nitatumia historia ya hapa hapa.

Kwanza, ule umati ndio mgeni. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901 ikipitia huku kwetu, na stesheni iliyo karibu nasi, Kipkelion, ikapewa jina Lumbwa, jina ambalo wageni waliwaita Wakipsigis bila kuwauliza. Wamishonari wakaja na tarehe 25. Halafu katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaingia Kericho kupanda chai, na chai haichumwi na mashine wakati huo, inataka mikono. Mikono ikatoka Kisii, Nyanza na Uluhya. Ukiweka reli, kanisa na mshahara pamoja unapata kiumbe kipya kabisa: mtu anayeishi mbali na kwao, mwenye likizo ya siku chache, ambaye lazima aonekane nyumbani tarehe fulani akiwa amebeba mkate na sukari. Huyo ndiye babu ya nyinyi nyote mnaolipa nauli mara mbili tarehe 23.

Na hata leo majani hayajui Krismasi. Ukichuma asubuhi, lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo yanaharibika. Bonasi ya wakulima wadogo hulipwa karibu Oktoba, kwa hivyo Desemba imeshaliwa.

Sasa, kabla ya huo umati, kujitenga kulikuwa nini hapa? Kulikuwa menjo. Kijana wa Kipsigis akishatahiriwa alitolewa kijijini, akaishi kwenye kibanda mbali na watu, haonekani na mama, haonekani na wasichana, akifundishwa na wakubwa wake. Haikuwa wiki mbili. Ilikuwa miezi mingi, na haikufungwa kwa Desemba. Ilifuata mavuno na uamuzi wa wazee. Shule ndiyo iliyobana kila kitu. Kalenda ya masomo ilipochukua mwaka mzima, menjo ikabaki na nafasi moja tu, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Ndiyo maana ukipita barabara ya Nakuru kwenda Kericho Desemba unaona magari ya Nairobi yamejaa mziki, na nyuma ya milima ile ile kuna mamia ya vijana ambao hawana simu, hawana Krismasi, na hakuna anayewahurumia. Mimi pia niliingia, mwaka ule nilipomaliza KCPE. Ya ndani siandiki, msijaribu hata kwa DM. Lakini naweza kusema hivi: ilikuwa mara ya kwanza kukaa bila kelele za nyumbani mpaka nikasikia mawazo yangu, na sijawahi kupata kitu kama hicho kwenye sherehe yoyote.

Msinielewe vibaya, si kila kujitenga kwa zamani kulikuwa kuzuri. Wasichana nao walitengwa, na kilichotangulia kutengwa huko ni ukeketaji, ambao sheria ya 2011 iliupiga marufuku, na vizuri. Mila haipati alama kwa sababu ya umri.

Kuna watu wengine waliokuja hapa kutafuta kimya, na vijana wengi wa huku hawawajui. 1956, wamonaki wa shirika la Watrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi, walianzisha monasteri karibu na Kipkelion. Kazi yao ilikuwa sala, shamba na kunyamaza. Mwaka mzima. Hebu fikiria, watu wametoka Ulaya kuja kuwa kimya kwenye vilima vya Kericho, na wewe umezaliwa hapa unakimbilia spika za Westlands.

Halafu Desemba 27, 2007. Nilikuwa mtoto wa miaka mitano. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, na umati ulioonekana barabarani haukuwa wa mwaka mpya. Nchi nzima zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata. Kipkelion iliungua vibaya, na wacha niseme wazi kwa sababu kwetu watu hupenda kuizunguka: waliofukuzwa walikuwa majirani zetu Wakisii na Wakikuyu, na wengi wa waliofukuza walikuwa vijana wa kwetu, wengine waliotoka menjo miaka michache tu nyuma. Ile nidhamu ya kibandani haikuwazuia. Swali hilo bado linanisumbua, na sijawahi kumsikia mzee yeyote akilijibu vizuri.

Waliokimbia, wengi walikimbilia kwa wale wamonaki. Mahali palipojengwa ili pasiwe na watu pakawa kambi. Na 2008 wamonaki wenyewe wakaondoka, wakahamia Uganda, na huko ndiko walipo mpaka leo. Zaidi ya miaka hamsini ya kimya cha Lumbwa ikaishia hapo.

Sisi tulikuwa ndani. Kogo alifunga mlango saa kumi na mbili jioni, akazima taa, tukala ugali na maziwa gizani. Nyumba iliyotuangalia ilikuwa ya fundi wa nguo, Mkisii, aliyenishonea kaptula yangu ya nasari. Asubuhi moja haikuwa na mtu. Mpaka leo familia yake haijarudi, na shamba lile hupandwa viazi na mtu mwingine.

Katiba ya 2010 ilihamisha uchaguzi hadi Agosti, kwa hivyo Desemba imerudi kuwa mwezi wa nauli na nyama. Kogo hajali. Kila mwaka kabla ya tarehe 27 ananunua unga wa wiki mbili, mafuta ya taa na kiberiti, ingawa stima tunayo, na saa kumi na mbili anafunga mlango. Mtu lazima akae naye.