Akaunti na Kiti: Rich's katika Maisha ya Jiji la Atlanta

Tarehe 19 Oktoba 1960 Martin Luther King Jr. alikamatwa dukani. Hakuwa kanisani wala hakuwa akiongoza msafara barabarani. Alikuwa amepanda lifti hadi ghorofa ya sita ya Rich's, duka mashuhuri kuliko yote ya Atlanta, akaingia mkahawa wa Magnolia Room na kuomba kuhudumiwa. Mkahawa huo ulikuwa wa Wazungu peke yao. Polisi walimchukua yeye na wanafunzi aliokuwa nao, na kabla mwezi haujaisha jina la duka hilo la nguo na vyombo vya nyumbani lilikuwa limeingia katika uchaguzi wa rais wa Marekani.

Yaliyompata King yameandikwa mara nyingi. Hapa nataka tulitazame duka lenyewe: lilivyokua, lilivyojipatia mapenzi ya watu, na kwa nini vijana walioazimia kuuvunja ubaguzi wa rangi wa jiji lao waliona mahali pa kugonga ni hapo.

Atlanta ya 1867 ilikuwa bado inafukua majivu. Miaka 3 tu ilikuwa imepita tangu jeshi la Jenerali Sherman liichome moto katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Morris Rich, kijana Myahudi aliyehamia kutoka Hungary, alikopa dola 500 kwa ndugu yake William akafungua duka dogo la vitambaa na mahitaji mengine katika mtaa wa Whitehall. Baadaye ndugu zake Emanuel na Daniel wakaingia ubia naye. Biashara ikatanuka, ikahama jengo hadi jengo, na mwaka 1924 ikatua katika jengo kubwa kwenye makutano ya Broad na Alabama, lililochorwa na wasanifu Hentz, Reid & Adler. Morris alifariki mwaka 1928. Aliyekuja kuongoza enzi ya fahari kuu ya duka ni mjukuu wake Richard, mtoto wa binti yake, aliyezaliwa kwa jina la Rosenheim akalibadilisha na kuwa Rich ili jina la babu lisipotee.

Maduka makubwa ya ghorofa yalikuwa kila jiji la Marekani wakati huo, na bidhaa zake zilifanana. Kilichoitofautisha Rich's ni namna ilivyomwamini mteja. Mtu aliweza kurudisha kitu bila kuulizwa maswali mengi, na wenyeji wanasimulia hadi leo kwamba duka lilipokea hata vitu ambavyo halikuviuza. Akaunti za mkopo zilitolewa kwa moyo mkunjufu: unachukua leo, unalipa mwisho wa mwezi, na ukikwama unaelezana na watu wa ofisini. Georgia ilikuwa nchi ya pamba, na bei ya pamba ilipoanguka, wakulima wakakosa fedha, Rich's ilipokea marobota yao kwa bei iliyopita ile ya soko. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika mdororo mkuu wa uchumi, hazina ya jiji iliishiwa na walimu wakalipwa hati za ahadi badala ya fedha. Rich's ilizibadilisha hati hizo kwa fedha taslimu kwa thamani yake kamili, bila kumlazimisha mwalimu kununua hata kitambaa cha mkononi. Mwalimu aliyelishwa na duka katika mwaka kama huo aliwasimulia watoto wake, nao wakawasimulia wao. Tangazo la gazeti haliwezi kununua kitu kama hicho.

Mwaka 1948 Rich's ilifungua jengo la pili, la samani na vitu vya nyumbani, upande wa pili wa barabara ya Forsyth, likaunganishwa na lile la kwanza kwa daraja la ghorofa 4 lililozungushiwa vioo, Crystal Bridge. Mwaka huohuo ndipo ulipoanza usiku wa Mti Mkuu. Jioni ya Sikukuu ya Shukrani watu walijazana mtaani chini ya daraja. Juu ya paa lake ulisimamishwa msonobari mkubwa, na katika kila ghorofa ya daraja kwaya ilisimama nyuma ya vioo vilivyong'arishwa taa. Kwaya ziliimba kwa zamu kutoka chini kwenda juu. Ulipofika wimbo wa O Holy Night na sauti ikapanda hadi noti yake ya juu kabisa, swichi ikawashwa na mti mzima ukawaka. Mwaka 1953 ikaongezwa treni ndogo ya watoto yenye umbo la nguruwe wa rangi ya waridi, iliyoning'inia kwenye reli juu ya idara ya vitu vya kuchezea. Mtoto aliyeipanda alibandikwa kijikaratasi kifuani cha kuonyesha kwamba amepanda. Mikate na keki za Rich's nazo zilikuwa na sifa yake, na juu ya zote ilikaa keki ya nazi, ambayo watu wa Atlanta wanaitafutia mapishi mpaka sasa.

Katika maisha hayo ya jiji watu Weusi walikuwemo na hawakuwemo. Walikuwemo kwenye vitabu vya hesabu: Rich's iliwafungulia akaunti za mkopo wakati maduka mengi ya Kusini hayakutaka hata kuwaona mlangoni, na kwa sababu hiyo familia za wachungaji, walimu na madaktari Weusi wa Atlanta zilipenda kununua hapo. Lakini vyumba vya kujaribia nguo na vyoo vilitengwa kwa rangi. Kazi walizopewa zilikuwa za usafi, jikoni, lifti na kubeba mizigo, si za kusimama nyuma ya kaunta kumuuzia mteja. Na mama aliyemaliza kununua koti la mwanawe kwa akaunti yake mwenyewe hakuruhusiwa kuketi Magnolia Room anywe chai. Duka lilimwamini kwa deni la mwezi mzima lakini halikumwamini kwa kiti cha nusu saa. Huu ndio ufa ambao wanafunzi waliuona, na kwa maoni yangu hakuna mahali pengine katika Atlanta ambapo ubaguzi ulionekana wazi kiasi hicho. Mahali pengine alikataliwa mtu pamoja na fedha zake, lakini huko Rich's fedha zilipokewa na mwenyewe akaachwa amesimama.

Tarehe 9 Machi 1960 wanafunzi wa vyuo vya Weusi vya Atlanta walichapisha magazetini Wito wa Haki za Binadamu, ulioandikwa kwa sehemu kubwa na Roslyn Pope, mwanafunzi wa Spelman. Siku chache baadaye walianza kuketi kwenye migahawa ya majengo ya serikali na vituo vya mabasi, wakakamatwa kwa makumi. Viongozi wao, miongoni mwao Lonnie King na Julian Bond wa chuo cha Morehouse, walipima hesabu zao wakaamua kwamba Rich's ikikubali, maduka mengine yatafuata bila kusukumwa. Walikuwa sahihi. Lonnie King alikutana na Richard Rich kipindi cha kiangazi lakini hawakuelewana. Rich alijiona mtu mwenye nia njema, aliyewatendea wateja wake Weusi vizuri kuliko washindani wake, na nadhani hapo ndipo palipomfunga macho. Mtu anayejilinganisha na walio wabaya zaidi huchelewa kuona deni lake.

Oktoba ilipofika walimshawishi King, ambaye si ndugu wa Lonnie licha ya jina, aende nao. Waliokamatwa siku ile walikataa dhamana. Baada ya siku chache Meya William Hartsfield alifanya mapatano na wanafunzi wakaachiwa, ila King alibaki. Mwezi uliotangulia, katika wilaya jirani ya DeKalb, alikuwa amehukumiwa kifungo cha nje kwa kosa la kuendesha gari bila leseni ya Georgia, kwani leseni yake ilikuwa ya Alabama. Jaji alisema kukamatwa kwake dukani kumevunja masharti, akampa miezi 4 ya kazi ngumu, na usiku akahamishiwa gereza la Reidsville akiwa amefungwa minyororo. John F. Kennedy, mgombea urais, alimpigia simu Coretta, mke wa King, aliyekuwa mjamzito. Robert, nduguye Kennedy, akampigia jaji. Tarehe 27 Oktoba King akatoka kwa dhamana. Habari ile ilisambazwa kwa vijitabu katika makanisa ya Weusi nchi nzima, na Novemba Kennedy akashinda kwa tofauti ya kura zisizofika 120,000 kati ya zaidi ya milioni 68.

Huko Atlanta, mlango wa mkahawa ulikuwa bado umefungwa, na kazi iliyoufungua ilikuwa ya polepole. Kuanzia Novemba watu Weusi walilisusia duka. Waliambiwa wafunge akaunti zao, na kwa familia nyingi hilo lilikuwa jambo zito, kwa kuwa akaunti ya Rich's ilikuwa heshima iliyopatikana kwa miaka ya kulipa bila kuchelewa. Wengi walifunga. Vijana walizunguka njia za pembeni mwa duka na mabango asubuhi hadi jioni, msimu wote wa Krismasi. Zipo picha za majira hayo zinazowaonyesha wanafunzi waliovaa nadhifu wakitembea na mabango yao, na karibu nao watu wa Ku Klux Klan wenye kanzu nyeupe wakiandamana kupinga. Wote wako katika njia moja ya waenda kwa miguu, na dirisha la duka limepambwa nyuma yao.

Machi 1961 wenye maduka na wazee wa jamii ya Weusi walifikia mapatano: kaunta za chakula na mikahawa ya katikati ya mji ingefunguliwa kwa wote msimu wa vuli, baada ya shule za jiji kuanza kuchanganya wanafunzi. Vijana walikasirika. Walitaka mlango ufunguliwe leo, si baada ya miezi 6. Katika mkutano uliofanyika kanisa la Warren Memorial, Martin Luther King Sr., mchungaji aliyelihudumia jiji hilo kwa miaka mingi na aliyeheshimiwa na kila mtu, alizomewa alipoutetea mkataba. Mwanawe alisimama akawasihi watu wasikubali ugonjwa wa kugawanyika, akawataka waushike mkataba walioandikiana na Wazungu, ili kama kuna atakayeuvunja, asiwe upande wao. Ukumbi ukatulia. Septemba 1961 kaunta zilifunguliwa, na watu Weusi wakaketi na kula Rich's bila tukio lolote la kutajwa.

Mkataba ule ulifungua maduka, haukufungua jiji zima. Tunalijua hili kupitia mgeni kutoka kwetu. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wa Kenya, Oginga Odinga, Waziri wa Mambo ya Ndani, alipita Atlanta katika ziara yake Marekani. Vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi kilichozaliwa na vuguvugu hilohilo, walikwenda hotelini kumwimbia na kumsalimu. Walipotoka wakaingia mkahawa wa Toddle House uliokuwa karibu. Wakanyimwa huduma, wakaketi, wakakamatwa. Walitunga hata wimbo juu ya Odinga wa Kenya na ziara ile. Waziri wa nchi huru ya Afrika amelala hoteli iliyompokea, na wenyeji waliotoka kumwimbia wanalala mahabusu kwa kuomba kahawa. Ilibidi isubiriwe Sheria ya Haki za Kiraia ya Julai 1964 ndipo mikahawa ya aina hiyo ikalazimishwa kuwahudumia wote.

Kilichoiua Rich's ya katikati ya mji hakikuwa mgomo. Mwaka 1959, kabla hata ya vijana kuanza kuketi, kampuni ilikuwa imeshafungua tawi Lenox Square, kaskazini mwa jiji, lenye uwanja mpana wa kuegesha magari. Barabara kuu zilipojengwa na Wazungu wengi wakahamia vitongojini, ununuzi uliwafuata. Richard Rich alijaribu kuvuta upande wa pili: aliongoza bodi ya kwanza ya MARTA, mamlaka ya usafiri wa umma, akiamini treni zingewarudisha watu mjini. Alifariki mwaka 1975, na treni zikaanza kwenda 1979. Mwaka 1976 kampuni iliuzwa kwa Federated Department Stores, na Julai 1991 milango ya duka la mjini ikafungwa. Sehemu kubwa ilibomolewa na mahali pake pakajengwa ofisi za serikali kuu zinazoitwa Sam Nunn. Jengo la 1924 lilinusurika, likaingizwa ndani ya ofisi hizo. Mwaka 2005 maduka yote yaliyobaki vitongojini yakageuzwa Macy's.

Wanaoikumbuka Rich's leo wanataja kwanza mti, treni ya nguruwe na keki ya nazi, na hakuna ubaya, maana yalikuwa mambo mazuri kweli. Ila kumbukumbu inayoishia hapo ni ya walioruhusiwa kuketi. Msomaji atakayejaliwa kufika Atlanta ashuke kituo cha Five Points, atembee hadi kona ya Broad na Alabama alione jengo la 1924. Kisha asirudi hotelini. Aende upande wa magharibi, kwenye vyuo ambako vijana wale walitoka kila asubuhi na mabango yao, aitafute barabara iliyokuwa ikiitwa Fair Street. Mwaka 2010 jiji liliipa jina la vuguvugu lao: Atlanta Student Movement Boulevard.