Ardhi Iliyoitwa Tupu: Bungu, Korogwe na Handeni tangu 1895

Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Ujerumani ilitoa amri iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya Dola. Aliyedai kuwa sehemu fulani ni yake ndiye aliyetakiwa kuthibitisha. Amri hiyo ilikufa pamoja na utawala ulioitunga, lakini swali lililojificha ndani yake bado li hai: nani ana haki ya kusema kwamba ardhi hii ni tupu? Swali hilo linaonekana vizuri katika ukanda unaoanzia Bungu, kwenye ukingo wa Usambara Magharibi, unaoteremka hadi Korogwe na bonde la Mto Pangani, kisha ukavuka kuelekea nyika za Handeni. Historia ya ukanda huu inaonyesha kwamba mzizi wa migogoro ya ardhi haukuwa uhaba wa sheria wala ubishi wa wanavijiji. Mzizi ni mazoea ya dola, ya kikoloni na ya uhuru pia, ya kuihesabu ardhi inayopumzishwa, inayochungiwa au inayowekewa watoto kuwa haina mtu. Mazoea hayo yakiendelea, hata sheria nzuri huishia kwenye makabati ya wilaya.

Kabla ya Wajerumani, nchi ya Wasambaa ilikuwa chini ya ukoo wa Wakilindi, makao yao makuu yakiwa Vuga, na ilifikia kilele cha nguvu zake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mnamo 1862. Vijiji vingi vya Wasambaa vilijengwa karibu na kingo za milima, na hilo lilikuwa na sababu. Familia ilikuwa na migomba yake juu, kwenye ubaridi na mvua, na ilikuwa na shamba la mahindi chini nyikani, ambako mazao hukomaa kwa majira mengine. Milimani kukiharibika, nyika iliokoa. Nyika ikikauka, migomba ilibaki. Kwa mgeni aliyepita nyikani wakati usio wa kilimo, pale palikuwa pori. Kwa mtu wa Bungu, lile pori lilikuwa nusu ya ghala lake. Huko Handeni, Wazigua nao walilima, wakaliacha shamba lipumzike, wakahamia jingine, na ufyekaji wa mara kwa mara ndio uliomzuia mbung'o asisogelee mifugo. Njaa na maradhi ya mifugo ya miaka ya 1890 yalipopunguza watu na ng'ombe, vichaka vilirudi na mbung'o akarudi navyo. Kwa hiyo utupu ambao Wajerumani waliukuta sehemu nyingine haukuwa hali ya asili ya nchi. Ulikuwa jeraha la miaka michache tu, nao wakaliandika kama ushahidi.

Utekelezaji wa amri ile unafaa kutazamwa kwa karibu. Tume ya ardhi ilifika mahali, ikawaita majumbe, ikaangalia mashamba yaliyokuwa yakilimwa siku hizo, kisha ikakata mpaka. Maelekezo yalisema wenyeji waachiwe eneo la kutosha vizazi vijavyo, na kipimo kilichotumika kilikuwa mara nne ya eneo lililokuwa limelimwa. Kwa karatasi, huo ni ukarimu. Lakini mkulima anayelima shamba miaka michache na kulipumzisha miaka mingi anahitaji zaidi ya mara nne, na kipimo hakikuhesabu malisho, kuni, vyanzo vya maji wala shamba la pili la nyikani. Wakati huohuo reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na kila stesheni ilipandisha thamani ya ardhi iliyoizunguka. Kahawa ya walowezi iliwaangusha wengi milimani, lakini mkonge, ambao Richard Hindorf aliuingiza mwaka 1893 kwa miche 62 tu iliyonusurika safarini, ulilifaa joto la bonde. Mashamba makubwa yakajipanga kandokando ya reli. Chini hapo ndipo palipokuwa na nusu ya ghala la watu wa milimani.

Waingereza, waliowafuata Wajerumani, walibadili maneno zaidi kuliko mambo. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya usimamizi wa Gavana, na marekebisho ya 1928 yakatambua haki ya jamii za wenyeji kukalia ardhi kwa mila. Haki hiyo, hata hivyo, haikuwa na cheti, wakati mwenye shamba la mkonge alikuwa na hati. Ndiyo maana mpango wa kuhifadhi udongo wa Usambara, ulioanza Mlalo mwaka 1946 na kuenea milimani, ulipata upinzani mkali. Wakulima, wengi wao wanawake, walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Walilalamikia kazi na upungufu wa mavuno, lakini pia walihofia kwamba shamba likishatengenezwa vizuri, Mzungu atalichukua. Hofu hiyo haikuwa ushirikina. Mwaka 1951 Wameru wa Ngarenanyuki waliondolewa kwa nguvu kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alilipeleka suala lao Umoja wa Mataifa, New York. Masharti ya matuta yaliachwa kabla ya uhuru. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli na nia ya mabwana shamba pengine ilikuwa njema. Lakini asiye na uhakika wa shamba lake hawezi kuaminishwa kwamba analitengeneza kwa faida ya wanawe.

Uhuru ulileta matumaini yenye msingi. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, katika andiko lake Mali ya Taifa, alikuwa amepinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa, akihofia kwamba wachache wangewageuza wengi kuwa wapangaji nchini kwao. Umiliki wa kudumu ulifutwa mwaka 1963, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mkonge ikawa ya taifa. Hata hivyo mwaka huohuo sheria ya utwaaji ardhi iliweka kanuni kwamba ardhi tupu hailipwi fidia. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Watu walikusanywa kando ya barabara, wakayaacha mahame, na mahame yakawa tupu kwa macho ya ofisi, huku makaburi na miembe ya wenyewe ikiwa bado imesimama. Madai ya mahame yalipojaa mahakamani, Bunge lilitunga sheria mwaka 1992 kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay ya mwaka 1994, iliibatilisha sehemu kubwa ya sheria hiyo. Jaji Mkuu Francis Nyalali alieleza kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mtu aliyeitolea ardhi jasho anastahili fidia hata kama hakuna jengo wala mti juu yake. Ilikuwa miaka 99 tangu amri ya 1895.

Baada ya hapo zilitungwa sheria mbili za 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, inasema hati ya hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati nyingine yoyote. Inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya kugawa siku za mbele. Lakini Sheria ya Ardhi, Namba 4, ya mwaka huohuo, inapofafanua ardhi ya jumla, ambayo inasimamiwa na Kamishna wa Ardhi, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria moja inamwambia mwanakijiji aweke akiba. Pacha wake anasema akiba hiyo si yake tena. Kabla ya sheria hizo, Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilikuwa imependekeza milki ya msingi ya ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Ardhi yote ikabaki kwa Rais kama mdhamini, na kivuli cha 1895 kikapata mahali pa kukaa.

Kuna watakaosema kwamba taifa haliwezi kuendelea kama kila kichaka kina mwenyewe. Watautaja mkonge: mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000, ikaongoza duniani, na mkonge ukalipia shule na hospitali. Hoja ina uzito. Lakini tutazame upande wa pili wa historia hiyohiyo. Bei ilipoporomoka na mashirika ya umma yakadhoofika, maelfu ya hekta za mkonge yalizama katika vichaka, huku vijiji vilivyobanwa katikati yake vikikosa pa kulima. Miaka mingi hakuna aliyesema mashamba hayo ni tupu, kwa sababu yalikuwa na hati. Basi kichaka chenye hati kina mwenyewe, na kichaka cha kijiji hakina. Hapo kigezo si matumizi tena, ni karatasi. Serikali imefanya jambo jema inapofuta hati za mashamba yaliyotelekezwa mkoani Tanga na kuwapa wananchi, lakini ilichukua miongo kulifanya kwa mwenye hati jambo ambalo kwa mwanakijiji lilifanyika kwa ziara moja ya tume.

Mfano wa karibuni upo Handeni. Kuanzia Juni 2022 serikali ilihamishia kijiji cha Msomera familia kutoka Ngorongoro, kila moja ikipewa nyumba ya vyumba vitatu, ekari mbili na nusu za makazi na ekari tano za shamba. Serikali ilisema uhamaji ni wa hiari, mashirika ya haki za binadamu yakapinga. Mjadala huo uliwahusu zaidi waliohama. Lakini Msomera ilikuwa na wakulima na wafugaji tayari, na haki ya wapokeaji ni swali linalojitegemea. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema. Shida ya ardhi ni kwamba mtu anaweza kuwepo na bado asihesabiwe.

Wengine watasema dawa ni kumpa kila mtu hati yake. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo za MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, na hati za kimila zimewasaidia wengi, hasa wajane. Ni kweli pia kwamba mila si malaika: iliwanyima wanawake urithi, na ndiyo sababu sheria ya 1999 inaubatilisha ubaguzi huo na kutaka wanawake wasiopungua watatu katika baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba. Lakini hati ya mtu mmoja hailindi malisho, chemchemi wala shamba linalopumzika. Hivyo ni vya wote, na ndivyo vinavyoitwa tupu kwanza.

Kwa hiyo mambo mawili yanapaswa kufanywa. Bunge lifute katika Sheria Namba 4 maneno yanayoihamisha ardhi ya kijiji isiyotumika kwenda ardhi ya jumla. Na serikali inapoitaka ardhi, mzigo wa ushahidi uwe juu yake: ioneshe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya mpaka kuchorwa na fidia kukadiriwa, kwamba eneo hilo halitumiki, halipumzishwi wala halijawekewa wajao. Tangu 1895 mzigo huo umebebwa na mkulima. Ni zamu ya aliyekuwa akiuliza kujibu.