Matende: utunzaji wa ngozi ya mguu

Matende ni uvimbe wa kudumu, hasa wa mguu, unaosababishwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Pwani ya Bagamoyo, Pangani na Tanga imeishi nao kwa vizazi, pamoja na mabusha. Minyoo huharibu mishipa ya limfu, maji hujikusanya chini ya ngozi, nayo ngozi huota mikunjo na magamba. Mwaka 2000, kuanzia kisiwani Mafia, Tanzania ilianza kugawa ivermectin na albendazole kwa jamii nzima. Dawa hizo hukata maambukizi. Mguu uliokwisha kuvimba haziurudishi. Mwenye mguu huo tegemeo lake ni uuguzi, tena uuguzi wa maji na sabuni.

Kinachoupeleka mguu pabaya si mnyoo peke yake. Mgonjwa hushikwa na homa, mtoki kinenani na mguu unaowaka, asiweze kwenda shamba wala baharini kwa siku kadhaa. Wanaoleta shambulio hilo ni bakteria wanaopenya kwenye ngozi iliyopasuka, na njia yao kubwa ni katikati ya vidole, ambako fangasi huilegeza ngozi mpaka ikachanika. Kila shambulio huuzidishia mguu uvimbe. Kwa hiyo muuguzi hodari hutenganisha vidole kimoja kimoja akitafuta ufa. Huosha taratibu kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyo moto, hupitisha kitambaa laini kila mkunjo mpaka ukauke, kisha hupaka dawa penye kidonda au fangasi.

Husemwa kwamba ni kazi bure, kwani mguu haurudi ulivyokuwa. Uliokomaa haurudi, ni kweli. Lakini mashambulizi hupungua, na siku za kazi zinazookolewa ndizo kipimo cha haki. Hoja kwamba muuguzi hana muda nayo ina jibu: mgonjwa na ndugu zake wakifundishwa vizuri, huendelea wenyewe nyumbani. Hoja nzito ni maji, maana visima vingi vya pwani vina chumvi. Hapo sabuni haitoi povu na mafundisho ya zahanati hayafiki mbali, hivyo mpango wa matende usiohesabu maji safi ya kaya ni nusu mpango. Siku ya shambulio la homa mguu haufanyiwi mazoezi; mguu huinuliwa na kupozwa kwa kitambaa chenye maji baridi, na mgonjwa hupelekwa zahanati apate dawa. Asichanjwe chale, kwani kila chale ni ufa mpya kwenye ngozi ileile inayolindwa.