Kompyuta, Kufuli na Mtoto

Serikali yetu iliwahi kuifungia kompyuta mlango nchi nzima. Ndugu msomaji aliyezaliwa baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 huenda asisadiki, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta ya kwanza ilisimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa nazo saba tu. Hesabu za Serikali zilihamishiwa katika mashine, lakini mfumo ule ukashindwa kazi. Wananchi wenye ujuzi wa kuusahihisha walikuwa wachache mno, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Ndipo mwaka huo wa 1974 ikatoka amri kwamba kompyuta na vifaa vyake visiingizwe nchini, ila kwa kibali maalumu.

Wakati ule nilikuwa karani kijana hapa Mwanza, nikijumlisha tarakimu kwa kalamu katika daftari kubwa. Kompyuta sikuwa nimeiona hata kwa picha, kwa hiyo amri ile haikunigusa. Naikumbuka leo kwa sababu uzeeni nimetakiwa kutoa amri ya namna ileile ndani ya nyumba yangu. Mjukuu wangu wa miaka saba, ambaye tunaishi naye Nyakato, ametumiwa kompyuta ya mtumba na mjomba wake aliyeko Dar es Salaam. Mama yake alitaka ifungiwe kabatini mpaka mtoto aingie kidato cha kwanza. Baba yake aliona aachiwe tu, atajifunza mwenyewe kama wenzake. Wakaniachia mimi mzee niamue.

Tuutazame kwanza upande wa kufuli. Sitaki kuwalaumu wakubwa wa 1974. Mtu aliyeunguzwa na uji hupuliza hata maji baridi, na hasara waliyoiona haikuwa ya kubuni. Lakini kufuli lile lilizuia hasara bila kuzalisha wajuzi. Katika miaka ya 1980 uchumi ulipoanza kufunguliwa, na mashine zilipoanza kuingia ofisini, wengi wetu tulianza alifu kwa ujiti tukiwa na mvi. Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano tuliipata mwaka 2003. Televisheni nayo ilikuwa na kisa kama hicho. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, nasi wa Bara tukasubiri mpaka 1994. Ilipofika, watoto wa mtaa walijazana madirishani mwa jirani mwenye seti, na hakuna mzazi aliyeuliza wanatazama nini, maana hatukuwa na mazoea ya kuuliza.

Upande wa kuachia huru, sisi wa pwani ya Ziwa Viktoria tunao mfano wetu. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara walimwagwa ziwani, nao hawakuwa wenyeji wa maji haya. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wametapakaa kila mahali, na furu, samaki wadogo wa asili wa aina mamia, wengi wao wakatoweka. Sisemi sangara ni laana. Viwanda vya minofu vya Mwanza vimewalipia watoto wengi ada ya shule. Nasema tu kwamba aliyemmwaga hakukaa ufukweni kuangalia anakula nini.

Basi niliamua tusifuate njia ya kabati wala ya ziwa. Kompyuta tumeiweka sebuleni, kioo kikitazama mlango, ili kila apitaye aone. Ndani yake tumefungua akaunti mbili: moja ya msimamizi, yenye neno la siri tunalolijua sisi watu wazima, na nyingine ya mtoto, isiyoweza kuingiza programu mpya wala kubadili mipangilio. Katika Windows Vista ya mwaka 2007, vizuizi vya wazazi vilikuwemo katika mfumo wenyewe: mzazi aliweza kupanga saa za matumizi na kuchagua programu zilizoruhusiwa. Yeye amepewa saa moja jioni, baada ya kazi za shule. Ana Tux Paint ya kuchora, programu ya bure iliyotoka mwaka 2002, na GCompris yenye michezo ya herufi na hesabu. Zote mbili hazihitaji intaneti, na intaneti yenyewe bado hatujamfungulia.

Vichujio vya intaneti navyo nimevitafakari. Vingi vilitungwa kwa kufuata orodha za tovuti na za maneno, na maneno hayo aghalabu ni ya Kiingereza. Tusi la Kiswahili linaweza kupita kama mgeni asiyejulikana mlangoni. Sheria nazo tunazo: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu picha chafu za watoto. Ni sheria njema, lakini sheria huja na pingu baada ya mambo kuharibika. Haiketi kitini karibu na mtoto saa kumi na mbili jioni.

Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, kwa nini umeifunga? Huniamini?" Nikamjibu kwamba namwamini yeye, ila wapo watu asiowajua wanaoweza kuingia humo kabla hajawa na macho ya kuwatambua. Kisha nikamwahidi kwamba akitimiza miaka kumi tutaifungua intaneti, naye ataketi nami tuitembelee pamoja. Ahadi hiyo nimeiandika ukutani kwa chaki, kwa maana amri isiyo na mwisho humfundisha mtoto kutafuta dirisha.

Na madirisha yapo tele. Wiki chache baadaye alitoka kucheza kwa rafiki yake akiwa kimya. Mwishowe akanieleza alichoonyeshwa kwenye simu ya kaka wa yule rafiki, jambo ambalo mtoto wa miaka saba hastahili kuliona. Hakuna neno la siri langu ambalo lingemkinga huko. Kilichomsaidia ni kwamba alikuwa na mtu wa kumweleza, naye hakuogopa kupigwa. Tulizungumza kwa utulivu hadi akapata usingizi, na kesho yake nikaenda kuzungumza na wazazi wenzangu.

Tangu siku hiyo kufuli nimeliacha palepale, wala sioni haya kwalo. Lakini saa ile moja ya jioni sasa naketi naye, kiti kwa kiti, na mara nyingi yeye ndiye anayenifundisha kuchora.