Ruzuku za Agano la Majeshi (Uingereza)

Ruzuku za Agano la Majeshi ni fedha zinazotolewa nchini Uingereza kwa vikundi vya kijamii, mashirika ya hisani na halmashauri zinazosaidia familia za wanajeshi, askari wastaafu na vijana wa kadeti. Mtoaji mkuu ni Armed Forces Covenant Fund Trust, shirika la hisani linalojitegemea tangu Aprili 2018. Kujitegemea huko kuna mpaka wake, kwa kuwa mfuko bado hujazwa na Wizara ya Ulinzi.

Wazo la agano liliandikwa rasmi na Jeshi la Nchi Kavu mwaka 2000: askari anakubali kuacha baadhi ya haki za raia, hata kuhatarisha maisha, nalo taifa linawajibika kumtendea haki. Vita vya Iraq na Afghanistan vililitoa wazo hilo kambini na kulipeleka bungeni. Mwaka 2010 jopo lililoongozwa na mwanahistoria Hew Strachan lilipendekeza kila eneo lifunge agano lake na wanajeshi wanaoishi humo, kwa kuiga utaratibu wa Marekani. Mei 2011 serikali ilichapisha Agano lenyewe, likiwa na nguzo mbili: aliyetumikia jeshi asikose huduma ambayo raia mwenzake anaipata, na waliotoa zaidi, yaani majeruhi na wafiwa, wapewe uzito wa pekee pale inapostahili. Mwaka huohuo zilitengwa pauni milioni 30 za kutumika kwa miaka minne, ziende mitaani.

Njia ya fedha hizo ilikuwa ndefu kuliko ilivyostahili. Kikundi kiliwasilisha maombi katika eneo lake, yakajadiliwa na watu wa halmashauri, maofisa wa kambi na mashirika ya hisani, kisha yakapanda ngazi hadi taifa. Ruzuku ya chini ilikuwa pauni 100 na ya juu 250,000. Tangu 2015 utaratibu huo umepisha mfuko wa kudumu wa takriban pauni milioni 10 kwa mwaka.

Hitaji lenyewe huonekana vizuri katika miji ya kambi, kama Catterick na Tidworth. Askari akihamishwa, mkewe huacha kazi, mtoto huanza shule upya katikati ya muhula, na familia iliyokuwa ikisubiri daktari wa meno hurudi mwisho wa foleni katika mji mpya. Mume akiwa safarini kwa miezi sita, mama mwenye mtoto mchanga huenda asimjue mtu yeyote nje ya uzio. Hapo ndipo ruzuku ndogo inapofanya kazi ambayo wizara haiwezi: kulipia ukumbi wa kanisa, mlezi wa watoto na birika la chai, mradi wenyeji wa kijiji nao wakaribishwe. Masharti ya awali yalisisitiza jambo hilo, kwamba raia na wanajeshi wakutane.

Wastaafu ni habari nyingine, kwani hawakai pamoja. Sensa ya 2021 ya England na Wales, ya kwanza kuuliza kama mtu aliwahi kutumikia jeshi, ilihesabu takriban milioni 1.85. Baadhi yao na familia zao ni Wanepali wa vikosi vya Gurkha. Waliostaafu kabla ya Julai 1997 walifunguliwa mlango wa kuishi Uingereza mwaka 2009, na wengi wakafika uzeeni, hasa Aldershot, wakiwa na Kiingereza kidogo. Kwao msaada wa maana ni darasa la lugha na mtu wa kuwasindikiza hospitali.

Makadeti si askari, wala hawalazimiki kuja kuwa askari. Ni vijana wa takriban miaka 12 hadi 18. Wale wa jeshi la nchi kavu na wa anga hugharimiwa kwa sehemu kubwa na wizara, lakini kikosi cha Sea Cadets hujitafutia sehemu kubwa ya fedha zake. Paa la kibanda likivuja, wazazi ndio wanaopitisha bakuli.

Kasoro kubwa ya ruzuku hizi ni kwamba humfuata anayejua kuandika maombi. Kikundi kinahitaji katiba, akaunti ya benki, bajeti na sera ya kulinda watoto kabla hakijapokea hata senti. Kikundi cha wazee watatu wanaokunywa chai na wenzao kila Jumamosi hakina karani. Halafu mradi ukishika kasi, fedha huwa zimekwisha. Sheria ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Novemba 2022, inazibana mamlaka za nyumba, elimu na afya kuzingatia Agano katika maamuzi yao, ila haikipi kikundi chochote haki ya kudai ruzuku.

Mkenya aliyejiunga na jeshi la Uingereza kama raia wa Jumuiya ya Madola anaweza kunufaika, yeye na familia yake, wakiwa huko. Askari wa zamani wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, waliobaki Afrika Mashariki hawaguswi na ruzuku hizi za mitaani. Msaada wao hupitia Royal Commonwealth Ex-Services League, iliyoundwa Cape Town mwaka 1921.