Je, Ukuta Una Mizani? Historia ya Kupima Sakafu ya Tembe Singida

Kila mshairi anayehesabu mizani anajua kwamba "m" ya mtu huhesabiwa peke yake, na "m" ya mbuzi haihesabiwi. Mtu ni mizani mbili, m-tu. Mbuzi nayo ni mbili, mbu-zi, ingawa herufi zake ni nyingi zaidi. Asiyekubali kanuni hiyo atapata jumla nyingine katika mshororo uleule. Wapima majengo nao wana swali la namna hiyo: ukuta wa nyumba una mizani au hauna? Katika mkoa wa Singida swali hili lina historia ndefu, na jibu lake hugusa mfuko wa mwenye nyumba.

Nyumba ya asili ya Wanyaturu, na ya majirani zao Wagogo, ni tembe: jengo la mstatili, kuta za miti iliyokandikwa udongo, na paa bapa la udongo lililolazwa juu ya boriti. Aliyeijenga hakuwa na utepe. Kipimo chake kilikuwa mwili wake. Kiswahili kimeyahifadhi majina ya vipimo vya aina hiyo kwa mpangilio mzuri: shubiri mbili ni dhiraa, yaani mkono mmoja, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, takriban futi sita. Vyote hivyo hupima urefu. Hakuna hata kimoja kinachopima eneo, kwa kuwa mjenzi alihitaji kujua urefu wa mti wa kukata, hakuhitaji kujua ukubwa wa chumba kwa tarakimu. Neno eneo lenyewe limezaliwa na kitenzi kuenea: ni pale kitu kinapoishia kutanda. Shambani hadi leo watu huipata ekari kwa miguu, hatua 70 kwa 70.

Neno sakafu nalo lina safari yake. Asili yake ni Kiarabu, saqf, na huko maana yake ni paa. Katika nyumba za mawe za pwani, paa bapa la chokaa iliyopondwa liliitwa sakafu, na katika ghorofa kinachomfunika wa chini ndicho anachokikanyaga wa juu. Hivyo neno likateremka kutoka kichwani hadi miguuni. Mwenye tembe hawezi kushangazwa na safari hiyo, maana paa lake pia hukanyagika na huanikwa nafaka.

Dola zilipofika bara zilikuja na vipimo vyao. Wajerumani, waliokuwa na kituo Kilimatinde, walikuwa watu wa mita. Reli ya Kati, iliyopita Manyoni na kufika Tabora mwaka 1912, ina upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Hata hivyo, kodi ya nyumba waliyoitangaza mwaka 1897 haikuingia ndani na utepe, ilihesabu nyumba. Waingereza wakaja na futi na inchi. Baada ya uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania ikarudi kwenye mita, lakini ulimi wa fundi haukurudi wote. Chumba bado ni "kumi kwa kumi" kwa futi, na tofali bado ni la inchi sita. Kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021 nayo ni ya kiwango maalumu. Haiulizi chumba kina mita ngapi za mraba.

Ni nyumba inapotakiwa kuondoka ndipo utepe unapoingia ndani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga linapita Singida, na reli ya kisasa inapita Manyoni. Kazi za namna hii huhitaji uthamini wa fidia, na mthamini huzidisha eneo la sakafu kwa gharama ya kujenga mita moja ya mraba.

Tuchukue mfano wa tembe lenye mita 10 kwa 4 kwa nje, na kuta zenye unene wa sentimita 30. Kwa nje ni mita 40 za mraba. Kwa ndani ni mita 9.4 kwa 3.4, yaani takriban 32. Sehemu moja kwa tano ya nyumba imo ndani ya ukuta. Nyumba ya ukubwa huo yenye ukuta wa tofali wa sentimita 15 itakuwa na karibu 36 kwa ndani. Kwa hiyo anayepima kwa ndani humpunja zaidi mwenye tembe, ikiwa gharama ya mita moja ilipatikana kwa kupima nje. Vipimo vyote viwili ni vya kweli. Dhuluma huingia pale kimoja kinapozidishwa kwa bei ya kingine.

Wataalamu wa dunia walikwisha kuuona mtego huu. Kanuni za kimataifa za kupima majengo, zilizoanza na ofisi mwaka 2014 na kuunganishwa kwa majengo yote mwaka 2023, hutenganisha eneo linalofuata uso wa nje wa ukuta, eneo linalofuata uso wa ndani, na eneo analolitumia mkaaji peke yake. Kila tarakimu hutajwa pamoja na jina la kipimo chake.

Hapo ndipo kazi inapotufikia sisi wa lugha. "Eneo la sakafu" halisemi linaanzia wapi. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lipo kwa ajili ya kusanifu istilahi, lakini istilahi hushika pale inapotamkwa. Napendekeza tuseme sakafu ya nje, sakafu ya ndani na sakafu ya mkaaji. Mwenye tembe atakapoambiwa nyumba yake ni mita 32, awe na neno la kuulizia: sakafu ipi?