Mfalme Harith wa Nne na Binti Yake Aliyerudi Nyumbani



Hapa kwetu Abuku, na Koboko yote mpaka Arua, binti aliyeolewa akirudi kwao bila kutarajiwa, wazee hukutana, na mara nyingi swali la kwanza ni la ng'ombe: nani atawarudisha? Yaliyompata binti mwenyewe huulizwa baadaye, na pengine hayaulizwi kabisa. Ndiyo maana nimependa tuzungumze habari za mfalme mmoja Mwarabu wa zama za Warumi, ambaye binti yake alimrudia hivyo hivyo.

Jina lake ni Harith wa Nne. Vitabu vya Wazungu humwita Aretas. Alitawala Wanabati, Waarabu waliokuwa na mji mkuu Petra, katika Jordan ya leo, na ambao ngamia wao walibeba ubani kutoka Yemen hadi bandari ya Gaza. Alishika ufalme mwaka 9 kabla ya Miladia baada ya kufa Mfalme Obodas. Kwanza aliitwa Aeneas, jina la Harith alijipa alipokaa kitini. Kaisari Augustus wa Roma alikasirika kwa kuwa hakuombwa ruhusa. Harith akamtumia taji la dhahabu, likakataliwa. Huko Roma waziri mmoja wa Kinabati, Syllaeus, alikuwa akimchongea ili achukue ufalme yeye. Mwisho fitina zake zikagundulika, Augustus akamkubali Harith, na Syllaeus akauawa huko huko Roma.

Harith alitawala miaka 48 hivi, hadi mwaka 40 Miladia. Kwenye sarafu zake aliandikwa kuwa ni mwenye kuwapenda watu wake. Wafalme wenzake walipenda kujiita rafiki wa Kaisari, kwa hiyo maneno hayo hayakuwa ya bure! Sarafu hizo pia zina sura ya mkewe ubavuni mwake: kwanza Huldu, kisha Shaqilat. Watoto wake wametajwa katika maandishi ya mawe, miongoni mwao Malik, aliyerithi ufalme, na mabinti kama Phasael na Hagaru. Hilo la mwisho ni Hajara, kina mama, jina ambalo mngali mnawapa binti zenu.

Binti mmoja wa Harith aliolewa na Herode Antipa, mtawala wa Galilaya chini ya Warumi. Wasomi wengi hudhani ni yule Phasael, ingawa Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyeisimulia habari hii, hakumtaja jina. Walikaa pamoja miaka mingi. Kisha Herode akampenda Herodia, mke wa ndugu yake, wakaahidiana kuoana kwa sharti kwamba binti wa Harith afukuzwe.

Binti alipata habari kabla mumewe hajajua kuwa amejua. Hakupiga kelele. Aliomba tu ruhusa ya kwenda ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi, karibu na mpaka wa nchi ya baba yake, na Herode akampa bila kushuku. Maafisa wa Harith walikuwa wamekwisha kuandaa safari. Wakampokea, wakamkabidhi mmoja kwa mwingine jangwani mpaka akafika kwa baba yake, akamweleza yote.

Harith akaufanya huo kuwa mwanzo wa uadui. Palikuwa na ugomvi wa mipaka pia, tusimfanye malaika. Mwaka 36 hivi majeshi yakakutana, na la Herode likaangamizwa. Josephus anaandika kuwa baadhi ya Wayahudi waliona ni adhabu ya Mwenyezi Mungu kwa Herode, kwa sababu alikuwa amemuua Nabii Yahya (a.s.), na aliuawa katika ngome ile ile ya Machaerus. Kaisari Tiberius aliamuru gavana wake wa Syria, Vitellius, amlete Harith akiwa hai, au kichwa chake. Jeshi lilikuwa njiani mwaka 37 ilipofika habari kwamba Tiberius amekufa, na Vitellius akarudi.

Wanabati hawa waliabudu masanamu. Huko Al-Hijr, Saudi Arabia, mahali tunapopaita Madaain Swaleh, kuna makaburi waliyochonga majabalini, na katika maandishi yake mtakuta Lat na Manat, majina mnayoyajua kutoka Suratun-Najm. Wengi hudhani makaburi hayo ni nyumba za Thamud, lakini Thamud walitangulia, na maandishi yanataja wenyewe kwa majina na miaka. Wanafunzi wa madrasa nao wajue kuwa herufi zetu za Kiarabu zimetokana na mwandiko huo wa Kinabati.

Kaburi moja la huko ni la mwaka wa tisa wa utawala wa Harith. Walilifanya wanawake wawili, Kamkam na binti yake Kulaybat, kwa ajili yao na kizazi chao. Waliandika mlangoni kwamba atakayeliuza au kuliweka rehani atalipa faini.